Kumi na Tatu Bila Kumi

Mwezi uliopita barabara ilipanuliwa Kitale, na kibanda cha senge, shangazi yangu, kilikuwa kimepigwa alama nyekundu ya kubomolewa. Nilikwenda siku moja kabla ya tingatinga nimsaidie kutoa vitu. Tulipofika kwenye kasha la mwisho, lile alilozoea kulisukuma chini ya meza kwa mguu, nilifungua kifuniko na harufu ikanivaa usoni: risasi laini ya kuunganishia nyaya, vumbi la mahindi, na plastiki iliyoungua zamani. Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro nikalia. Mimi si mtu wa kulia hovyo. Senge akaniangalia, akasema, "Wewe nawe. Hii ni mabati tu," akaendelea kufunga kamba.

Sikulilia mabati. Nililia kwa sababu humo kibandani ndimo nilimojifunza kusema, na najua mtu akisoma hivyo atadhani nilikuwa bubu. Sikuwa bubu. Nilikuwa mtoto wa Sirisia aliyepelekwa shule Kitale, na mdomoni mwangu l na r zilikuwa zikibadilishana viti kadiri zilivyopenda. Nyumbani hakuna aliyewahi kuliona hilo. Kukhu, nyanya yangu, alisema hivyohivyo, na kasisi wetu alihubiri hivyohivyo, na Mungu hakuwahi kulalamika kwamba hakuelewa.

Kitale walilalamika. Wiki ya kwanza tu, nikiwa darasa la tano, saa ya mapumziko ilipokaribia niliinua mkono nikamwambia mwalimu ninaomba kwenda kura. Alitaka kuniuliza jambo, akaacha, akatabasamu. "Kwenda kura? Kwani umejiandikisha?" Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Tangu siku hiyo nikawa Mheshimiwa. "Niaje Mheshimiwa, ushapiga kura?" waliniuliza kila saa ya chakula, hata wale wadogo wa darasa la pili ambao hawakujua walichokuwa wakicheka. Ninyi wa rika langu mnajua jina la utani la shule lilivyo. Hulichagui, na huwezi kulirudisha dukani.

Basi nikaanza kukwepa. Nyuma ya daftari la hesabu niliandika orodha ya maneno yasiyo na l wala r, na hayo ndiyo niliyoyatumia. Nilisema peni badala ya kalamu, pepa badala ya karatasi, ticha badala ya mwalimu. Chakula kikawa msosi. Neno "tafadhali" sikulipatia mbadala, nikaliacha kabisa, na kwenye ripoti ya muhula mwalimu akaandika kwamba sina adabu. Ilifika mahali nikawa nasema maneno machache sana kwa siku, na usiku nikilala koo linaniuma kama la mtu aliyepiga kelele.

Senge ni dada yake baba. Alisomea ufundi Bungoma mjini, akahamia Kitale kwa sababu Kitale kuna maghala ya mahindi, na kila ghala lina mizani ya umeme, na kila mizani ina siku yake ya kugoma. Mimi niliishi naye. Nikitoka shule nilikwenda moja kwa moja kibandani, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikimwangalia. Mizani hizo zilikuwa na tundu nyuma la pini tisa, na senge alikuwa na waya mmoja wa buluu aliouchomeka pale, upande wa pili kwenye kompyuta yake kuukuu iliyokosa herufi ya B. Halafu alifungua dirisha jeusi kwenye kioo na kusubiri.

"Hizi mashine zinaongeanga," aliniambia. "Shida ni watu hawasikizi."

Mizani ilipotuma uzito wa gunia, kioo kiliandika tarakimu, kisha nukta mbili. Gunia jingine, tarakimu na nukta mbili. Nilitazama kwa siku kadhaa nikaamua ninajua nukta zile ni nini. Mizani ilikuwa imechekwa. Kulikuwa na maneno mawili ambayo iliwahi kuyasema vibaya mbele ya mizani nyingine, na tangu siku hiyo kila ikiyafikia huyameza. Niliionea huruma sana. Siku moja nikamuuliza senge ilichekewa wapi.

"Nani?"

"Mizani. Hapo kwa doti."

Alicheka mpaka akaweka chini kile chuma chake cha moto. Kisha akaacha kucheka ghafla, akaniuliza ni nani anayenicheka mimi. Nikamwambia yote, kura na Mheshimiwa na orodha. Hakunibembeleza. Senge hajui kubembeleza, na kama anajua basi alikuwa amesahau siku hiyo.

"Sikiza," alisema. "Hiyo doti si kimya. Hiyo ni kitu iko hapo, imetumwa, na imefanya kazi yake. Ni vile tu haina sula ya kuchola. Kompyuta ikikosa sula ya kuchola inaweka doti. Ujinga ni ya kompyuta, si ya mizani."

Akabonyeza kitufe, na kioo kikabadilika. Herufi zote zikaondoka, mahali pake pakaja nambari. Kila kitu kilichopita kwenye waya kilikuwa na nambari yake, chenye sura na kisicho na sura, vikiwa vimepanga foleni moja. Zile nukta mbili nazo zilikuwa na nambari: kumi na tatu, halafu kumi.

Alichukua daftari langu, akaniambia niweke kidole mwanzo wa mstari na nisome kwa kidole mpaka mwisho. Nikafanya. "Sasa unataka kusoma mstali wa pili. Kidole kinafanya nini?" Nikakirudisha kushoto, nikakishusha. "Umefanya vitu ngapi?" Viwili. "Kuludi ni kumi na tatu. Kushuka ni kumi. Hakuna mtu anaona, lakini bila hizo mbili hakuna kitabu." Kisha akaniuliza kidole kikirudi bila kushuka itakuwaje. Nikafikiri. Nikasema kama kingekuwa kinaandika, kingeandika juu ya maneno yaliyokwisha kuandikwa. Akanipa andazi.

Usiku huo nilirudia nambari zile kitandani. Kumi na tatu. Kumi. Hazikuwa na l wala r hata moja. Niliziongeza kwenye orodha yangu nikalala kwa furaha.

Hapo ndipo mambo ya Kukhu yalipoanza. Kukhu alikuwa na ng'ombe wawili na alipeleka maziwa kwenye kituo cha ushirika nje kidogo ya Sirisia. Alikuwa mtu wa kwanza kufika kila siku. Karani akifika kufungua kufuli humkuta Kukhu ameketi juu ya mtungi wake, na akimwona huanza kumtania: "Chelewa chelewa utapata mwana si wako." Kuwa wa kwanza ilikuwa fahari yake. Nadhani ilikuwa fahari yake kubwa kuliko sisi wajukuu.

Kituo kilikuwa na mashine ndogo ya kupima maziwa. Unaingiza mrija wake kwenye kikombe cha maziwa, inanyonya kidogo, inanguruma, inakwambia kama yametiwa maji na ni kiasi gani. Miaka yote iliandika kwenye kijikaratasi kupitia printa. Wiki hiyo printa iliondolewa, ikaletwa kompyuta ili kila kitu kionekane kwenye kioo. Jumatano, siku ya kwanza ya kompyuta, kioo kilisema maziwa ya Kukhu yana maji. Alhamisi pia. Ijumaa pia.

Alitupigia simu Ijumaa jioni. Senge aliiweka kwenye spika kwa sababu mikono yake ilikuwa na grisi.

"Wanasema mimi naweka maji kwa maziwa," Kukhu alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia hivyo. "Mimi! Nimepereka maziwa hapo tangu ile sentaa ifunguliwe. Kesho kamati inakaa kunitoa."

"Umeomba wapime mara ya pili?"

"Nimeomba. Wameosha mashine na maji safi, wakapima tena. Ikasema vilevile."

Kisha akaeleza kitu kilichokuwa kikimuuma kuliko kamati. Akina mama wa kanisa, ambao maziwa ya chai yao yalitoka kwake kila Alhamisi na kila penye matanga, walikuwa wamemrudishia jagi lake. Walilirudisha limeoshwa na kukaushwa, na kwa adabu kabisa, wakisema asante, wamepata kwingine. Wao hawakumwita mwizi, kama wanakamati walivyomwita wakiwa wamesimama mbele ya foleni. Walisema tu lisemwalo lipo. Methali hiyo naichukia mpaka leo, na mtu akiitumia mbele yangu huwa namuuliza ina msaada gani kwa mtu ambaye lisemwalo kwake halipo.

Na sasa niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia Kukhu, na nimechelewa, maana hayupo. Niliamini mashine. Nilikaa pale kwenye ndoo nikajiambia kwamba mashine haisemi uongo, senge mwenyewe amenifundisha, basi labda Kukhu ameteleza. Labda ng'ombe mmoja alipunguza maziwa akaona haya kupeleka mtungi nusu. Nilikuwa nimekwisha kumsamehe kosa ambalo hakulifanya. Ninaona aibu kwa msamaha ule kuliko kwa kosa lolote nililowahi kufanya.

Senge hakusamehe mtu. Alimuuliza mama yake, "Mayi, kioo kinaandika aje? Nisomee vile iko."

"Inaandika maji, sufuli nane."

"Sufuli nane ama nane?"

"Sufuli nane. Sufuli iko mbele."

"Na wengine?"

"Wengine ni sufuli. Peke yake."

Senge akafuta mikono kwenye kitambaa kidole kimoja kimoja. "Nane ikiwa peke yake inaandikwa nane," alisema, akionekana kujisemea. "Nani ameiwekea sufuli mbele?" Akamwambia mama yake asiuze wala asimwage maziwa ya kesho, ayapeleke kituoni kama kawaida, na awe wa kwanza kama kawaida.

Tuliondoka Kitale alfajiri, tukashuka Chwele, tukapanda pikipiki moja watatu, dereva akiwemo, pamoja na kompyuta iliyofungwa kwenye shuka. Tulipofika kituoni kamati ilikuwa imeketi kwenye benchi. Mwenyekiti alikuwa katikati, mtu mnene mwenye koti, naye pia alileta maziwa hapo. Mtungi wake ulikuwa kwenye foleni. Wakulima wengine walisimama pembeni na mitungi yao. Kukhu alikuwa ameketi mbele ya wote, mgongo umenyooka, amevaa kitambaa cha kichwa cha Jumapili.

Karani alikuwa kijana wa Kitale mjini, mpole, anayezungumza Kiswahili kama cha mtangazaji akiwa kazini na Sheng akiwa nje. Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia senge, "Madam, mimi sina shida na huyu nyanya, shosh wetu. Lakini kompyuta imeandika mara tatu. Si mimi nimesema, ni mashine."

"Ndiyo nimekuja kusikiza hiyo mashine," senge akajibu. "Wewe fanya vile unafanyanga asubuhi. Usibadilishe kitu."

Hapakuwa na pa kuchomeka waya wetu, maana tundu lilikuwa moja na kompyuta yao ilikuwa imelishika. Senge akachuchumaa nyuma ya meza, akatoa nyaya mbili nyembamba, akazibana kwa vidole juu ya pini za nyuma ili tusikie kile kile ambacho kompyuta yao inasikia. Mikono yake yote miwili ikawa kazini na kichwa chake kikawa chini ya meza. Kompyuta yetu ilikuwa juu ya mtungi uliopinduliwa, na aliyebaki mbele yake ni mimi.

"Nafula," alisema kutoka huko chini, "soma. Kwa nguvu. Wote wasikie."

Watu wapatao arobaini walinigeukia. Nilitamani kumwambia tubadilishane, mimi nishike nyaya, lakini angetakiwa kuniambia nishike pini zipi, na karani alikuwa tayari ameanza. Alimimina maji safi kwenye kikombe, akatia mrija, akaosha mashine kama alivyofanya kila asubuhi kabla ya mtu wa kwanza. Mashine ikanguruma. Kioo chake kikaandika MAJI 98, na yeye hakukitazama hata, kwa kuwa maji ya kuoshea si ya mtu. Kwenye kioo chetu zikaja nambari.

Nilianza vizuri. "Sabini na saba. Sitini na tano. Sabini na nne. Sabini na tatu." Hizo ni M, A, J na I. Kisha ikaja nafasi tupu iliyo kati ya neno na tarakimu, ile ambayo mtu hata haioni, na nambari yake ni thelathini na mbili. Niliitazama. Orodha yangu haikuwa na mbadala wa thelathini.

"Soma, Nafula. Vidole vinaniuma."

"Therathini na mbili," nikasema.

Karani akacheka. Hakukusudia, kilimtoka tu. "Thelathini," akanisahihisha kwa upole, na watoto wawili waliokuja na mama zao wakarudia "therathini" wakisukumana.

Sijui ni nini kilichotokea. Labda ni kitambaa cha Jumapili cha Kukhu. Labda ni kwa sababu aliyekuwa akishtakiwa alikuwa yeye, na mimi nilikuwa nimesimama pale nikihesabu l. Nilihisi hasira ikipanda kutoka miguuni, hasira nzuri, yenye joto. Nikasema tena kwa sauti kubwa kuliko mwanzo, "Therathini na mbili! Hamsini na saba! Hamsini na sita! Kumi na tatu!" Nikangoja kumi. Haikuja. Nikangoja tena. "Senge, kumi hakuna!"

"Angalia vizuri."

"Nimeangaria vizuli. Iko kumi na tatu. Kumi hakuna."

Kutoka chini ya meza nilisikia senge akicheka peke yake, kicheko kifupi. "Sasa pimeni ya mayi," akasema.

Karani akamimina maziwa ya Kukhu. Mashine ikanguruma. Kwenye kioo chake, mbele ya macho ya kamati, MAJI 98 ikageuka ikawa MAJI 08. Watu wakaguna. Mwenyekiti akafungua mikono kama mtu anayesema, si mmejionea. Lakini mimi nilikuwa nikisoma kioo chetu. "Sabini na saba, sitini na tano, sabini na nne, sabini na tatu, therathini na mbili, alobaini na nane, kumi na tatu. Basi. Imeishia hapo."

"Hizo nambari zako hatuelewi," mwenyekiti akasema. "Sema na maneno, kama unayo."

Ninayo, nikajisemea. Nikaenda kwenye kioo chao, nikaweka kidole juu ya MAJI.

"Mashine imetuma maji, sufuli. Haijatuma nane. Nane ni ya yale maji ya kuosha, tisini na nane. Mashine ikimariza raini inasema ludi mwanzo, lakini haisemi shuka. Kwa hivyo inaandika juu ya ile raini ya kwanza. Imeandika maji, sufuli, ikafunika tisa. Nane haikufunikwa, imebaki hapo. Hii nane si ya Kukhu. Ni mkia wa maji yenu."

Karani, akiwa na uso wa mtu aliyepotea njia, akasema, "Unamaanisha laini. Si raini."

"Umenielewa ama hujanielewa?"

"Nimekuelewa, lakini..."

"Kama umejua nilitaka kusema nini, basi ulinisikia. Nisikize sasa."

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na kumjibu mtu mzima hivyo kulistahili kofi. Hakuna aliyenipiga. Kukhu alikuwa amegeuza shingo akinitazama kana kwamba ndiyo kwanza anajua ni mtoto wa nani.

Senge akatoka chini ya meza akipapasa kiuno, akamalizia kwa maneno machache. Printa ya zamani ilikuwa ikishuka yenyewe kila mstari ukirudi, ndiyo maana miaka yote hapakuwa na shida. Kompyuta mpya ilikuwa ikingoja iambiwe, na hakuna aliyeiambia. Karani alipomwandika mtu kwenye daftari la kituo alibonyeza kitufe kikafuta kioo, kwa hiyo wa pili na wa tatu waliandikiwa kwenye kioo kisafi. Lakini maji ya kuoshea hayakuwa ya mtu, hayakuandikwa wala kufutwa, na yeyote aliyefuata baada ya kuosha alibeba mkia wake. Kila walipopima upya waliosha kwanza, na kila walipoosha walimtia Kukhu hatiani upya kwa mikono yao wenyewe. Kosa lake lilikuwa kuwahi.

Mwenyekiti hakutaka kukubali haraka. Alisema mambo ya waya ni ya wenye waya, labda sisi tumechezea mashine, mama huyu ni mama yetu na sisi ni watoto wake. Hapo nikaona mtungi wake kwenye foleni.

"Osheni tena," nikasema. "Halafu pimeni ya mwenyekiti."

Kulitokea mnong'ono, kisha mtu wa nyuma akasema, "Eeh, si mpime bana," na mwingine, na mwingine. Mwenyekiti alitazama huku na huku, hakuona mlango. Karani akaosha. MAJI 98. Akamimina maziwa ya mwenyekiti, akatia mrija, na nadhani hakuna aliyepumua hapo kituoni isipokuwa ng'ombe wa jirani. Kioo kikaandika MAJI 08.

Kicheko kilichofuata sitakisahau. Wanawake walishikana mabega. Mzee mmoja alivua kofia akamwinamia mwenyekiti akamuuliza maji yake huyateka mto gani. Karani alifuta kioo, akapima maziwa ya Kukhu bila kuosha, ikaja MAJI 0. Akapima ya mwenyekiti, ikaja MAJI 0. Alirudi kwenye kiti chake akaweka mikono juu ya meza, akamwambia Kukhu, "Shosh, nisamehe. Mimi nilisoma tu vile imeandikwa."

Mwenyekiti alijiinua nusu kutoka kwenye benchi, akamwinamia Kukhu sikioni. Nilikuwa karibu, nilisikia. Alimwambia yameisha, arudi nyumbani apumzike, watalirekebisha hili ndani ya kamati bila kelele.

Kukhu hakuinuka. "Mliniita mwizi mkiwa mmesimama," alisema, na sauti yake ilikuwa imerudi kwenye ukubwa wake. "Mliniita mbele ya hawa. Simameni."

Kamati ikatazamana. Mmoja akasimama, kisha wote. Mwenyekiti akavuta koti, akawageukia wakulima. Alianza taratibu, neno baada ya neno, Kiswahili cha mikutano. Akasema kwamba maziwa ya mama huyu hayana maji wala hayakuwahi kuwa na maji. Akasema kosa lilikuwa la kituo. Halafu sijui ni haya au ni haraka, sauti ikamkwama kidogo, akamaliza kwa Kiswahili cha kwao na kwetu. "Mama, kwa niaba ya kamati, tunaomba ladhi."

Karani alifungua mdomo kwa mazoea. Nikamkazia macho. Akaufunga.

"Sijasikia," Kukhu akasema.

"Tunaomba ladhi!" mwenyekiti akarudia, kwa sauti iliyofika barabarani.

Kukhu akainuka, akalichukua lile daftari kubwa la kituo kutoka mezani, akalifungua mahali penye jina lake kwa siku zile tatu, akaliweka mbele ya karani pamoja na kalamu.

"Nimesikia," alisema. "Sasa andika sufuli yangu. Peke yake."